Kiondo Kisicho na Kitako

Inspekta Karambu alikuwa ameona maiti wengi katika kazi yake, wa barabarani na wa mtoni, lakini hakuwa ameona hata mmoja aliyefunikwa vizuri kama huyu. Kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa mkono, chenye maua ya njano pembeni, kilifunika skrini. Kingine kilifunika sanduku lenyewe. Cha tatu, kidogo kama cha kufunikia glasi, kilikuwa juu ya kipanya.

"Nani aliifunika?" aliuliza.

"Ni mimi," akasema Mama Ciakuthii, mwenyekiti wa tawi la Karurumo, mikono kiunoni. "Hata kama imekufa, haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni."

Kompyuta hiyo ilikuwa mali ya Umoja wa Vyondo, wanawake wanaosuka, wenye matawi mawili: Karurumo upande wa Embu, na Kaaga upande wa Meru. Sanduku, skrini na kibodi walipewa na kampuni moja ya Nairobi, lakini ndani mlikuwa mtupu kama mtungi wa kiangazi. Wakagawana kazi vile watu wa huku hugawana harusi, huyu mabati, yule milango. Kaaga wakasema wao watanunua moyo, yaani ule ubao mkubwa ambao mafundi huuita mathabodi. Karurumo wakasema sawa, sisi tutanunua macho, yaani kadi ya picha, ndiyo wachore vyondo kwa rangi na wanunuzi wavione kabla sisali haijasokotwa. Mwalimu Vincent Nyaga, anayefundisha sanaa hapo Karurumo, akapewa kazi ya kuunganisha moyo na macho.

Aliunganisha. Ikawaka. Halafu ikafa, ikafa tena, na sasa matawi yote mawili yalikuwa yanasema neno moja: mwalimu amebadilisha kadi, nzuri ameuza, mbovu ameweka. Shtaka lilikuwa limeandikwa stesheni. Mkubwa wa Karambu alikuwa amemwambia kwa ufupi: nenda, mlete, tufunge faili. Na kila mtu katika chumba kile alijua maana yake. Mwalimu akishtakiwa tu, hata kabla ya hakimu kukohoa, anasimamishwa kazi.

"Washa," Karambu alimwambia Kithaka.

Kithaka alikuwa fundi wa kompyuta pale Embu mjini, mwenye duka lake na shati lenye kalamu nne mfukoni. Hakuwa mtu wa kuficha anachojua. Njia nzima kutoka mjini alikuwa amemweleza Karambu juu ya mashine alizofufua, mpaka dereva wa Landrova akaanza kupiga mluzi.

"Kabla sijawasha, nimeshajua," alisema Kithaka. "Hivi vitambaa. Mashine inapumua kama ng'ombe. Mmeinyima hewa."

"Wee fundi," Mama Ciakuthii alimgeukia, "unafikiri tunaiwasha ikiwa imevaa? Wewe huoga na koti?"

Kithaka akabonyeza kitufe. Feni ililia. Maandishi meupe yakapita kwenye skrini nyeusi bila shida yoyote. Halafu Mama Ciakuthii akasogea na kuonyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza, na picha ikaanza kushuka polepole kutoka juu. Kwanza mkanda wa ngozi. Halafu mdomo wa kiondo, mwekundu. Halafu mstari mweusi, mstari wa kahawia, mstari mweupe.

Hapo ikasimama. Nusu ya chini ilikuwa giza tupu. Kipanya hakikusogea. Kibodi haikujibu.

"Umeona?" alisema Mama Ciakuthii kwa uchungu. "Kila mara ni hivyo. Kiondo kisicho na kitako. Nani atanunua?"

"Muulizeni huyo," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Bwana Gikunda, katibu wa tawi la Kaaga, mwanamume mrefu mwenye kabuti la sufu lililofungwa vifungo vyote, ingawa Karurumo siku hiyo ilikuwa na jua. Alikuwa ameteremka kutoka Meru asubuhi kuja kuona haki ikitendeka. Alimwelekezea kidole mtu aliyeketi kwenye kigoda pembeni.

"Mwalimu," Karambu alisema, "simama hapa kwenye mwanga."

Vincent Nyaga akasimama. Alikuwa kijana wa miaka ya thelathini hivi, mwenye rangi ya maji kwenye mkono wa shati. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka mfukoni.

"Ulibadilisha kadi?"

"Hapana, Madam."

"Ulifungua hili sanduku baada ya siku ile ya kwanza?"

"Hapana."

Karambu aliinama nyuma ya sanduku. Mama Ciakuthii alikuwa amelipiga muhuri wake: karatasi ndefu iliyobandikwa kwa gundi juu ya ufa wa kifuniko, sahihi yake katikati. Juu ya karatasi hiyo kulikuwa na mkato mwembamba ulionyooka kama wa wembe, kisha ukafunikwa kwa gundi nyingine inayong'aa.

"Toa mkono mfukoni."

Vincent akautoa. Kwenye ncha ya kidole cha shahada kulikuwa na lengelenge, dogo, la mviringo, kama punje ya njegere.

"Hii ni nini?"

"Niliungua. Na sufuria."

"Sufuria gani hii ya kuchoma kama tone? Sufuria huchoma mkono mzima."

"Mimi nitakwambia ni nini, Inspekta," Gikunda alisema. "Huyu hutengeneza redio za watu. Ana kile chuma cha kulehemu. Alikuwa anachokonoa mali yetu ndani humo, chuma kikamrudi."

Mama Ciakuthii alimtazama kwa muda, halafu akaangalia kando, kama mtu aliyeona nguo ya jirani ikianguka.

"Ulikata muhuri, Mwalimu?" Karambu aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nilikata."

"Haya!" Gikunda alipiga makofi mara moja. "Mleteeni pingu."

"Bwana Gikunda, pingu ni zangu. Zikitoka nitakuambia." Karambu hakumwangalia. "Kwa nini ulikata?"

"Ilikuwa inakufa. Nilitaka kujua inafia wapi. Lakini Mama alikuwa amesema atakayekata karatasi ndiye mwizi. Nikaona nikisema, nimejifunga mwenyewe."

Karambu alivuta kigoda, akaketi, akamgeukia Mama Ciakuthii. "Mama, nyinyi mnasema kadi imebadilishwa. Mlijuaje? Kadi moja na nyingine ni kama kuku wa madukani, zote zimefanana. Kuna mtu aliyeiona ikiuzwa?"

"Hakuna."

"Kuna mtu anayeijua kadi yenu kwa sura?"

Mama Ciakuthii akavuta leso yake mabegani na kuinua kidevu.

"Inspekta, wewe ni mtu wa Meru. Watu wengine hapa wamesema utaegemea Kaaga. Mimi sijasema. Lakini hili nitakalokwambia, wanaume hawakuambiwa."

"Sema mbele yao. Hapa hakuna siri tena."

"Sufuria zetu za harusi, hizo kubwa, kila moja tumeipiga rangi kwenye kitako. Sherehe ikiisha, kila mtu anageuza sufuria, anachukua yake. Hakuna ugomvi. Sasa kadi ilipofika, nikasema hii nayo ni sufuria. Nikachukua kyutex ya binti yangu, ile rangi ya kucha, nikaitia alama. Kile kibati chake cha kufungia skurubu, upande wa ndani ambao hauonekani ikishaingia. Matone mawili mekundu."

"Na baada ya mashine kufa, hamkuangalia?"

"Muhuri ulikuwa wangu," Mama alisema kwa heshima zote. "Nikikata mimi, nitamlaumu nani?"

Karambu alimpa Kithaka ishara. Fundi alizima, akachomoa waya wa umeme, akatoa skurubu moja moja na kuzipanga mezani kama mtu anayepanga maharagwe. Akang'oa kadi polepole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Matone mawili. Mekundu. Yanang'aa.

Mama Ciakuthii aliichukua kadi kwa mikono miwili. Alipitisha kucha juu ya tone moja, kisha la pili, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyempiga mtoto kisha akakumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyevunja kikombe.

"Ni yetu," alisema.

"Basi haikubadilishwa," akasema Karambu. "Na bado kiondo hakina kitako. Fundi?"

"Umeme wa huku," Kithaka alisema haraka. "Huku Karurumo umeme ni mwembamba. Twende dukani kwangu mjini, mtaona itakavyoimba."

"Twende."

Mama Ciakuthii alipanda Landrova na kadi ikiwa ndani ya kiondo chake, kiondo kikiwa mapajani, na alipoambiwa aiweke nyuma na vitu vingine alisema kadi yake haitoki machoni pake tena mpaka kesi iishe. Gikunda alikaa mbele na mathabodi ndani ya sanduku kwenye magoti, amelikumbatia. Mwalimu alikaa nyuma kati ya skrini na gurudumu la akiba. Kutoka Karurumo mpaka Embu hakuna aliyemsemesha, na dereva hakupiga mluzi.

Duka la Kithaka lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na mifupa ya kompyuta hadi darini. Kompyuta yake mwenyewe, mpya ya mwaka huo, ilikaa katikati kama bwana harusi.

"Sasa," Karambu alisema, "tutafanya kama tunavyofanya na watu. Hatuwaulizi wote pamoja. Mmoja mmoja. Kwanza umeme."

Wakairudisha mashine yote kama ilivyokuwa, wakaichomeka kwenye umeme wa mjini. Mkanda wa ngozi. Mdomo mwekundu. Mstari mweusi, wa kahawia, mweupe. Ikafa palepale.

"Umeme umeachiliwa," alisema Karambu. "Wa pili?"

Kithaka alikuwa amepunguza maneno. Aliichomoa kadi, akaipandisha kwenye mashine yake mpya pamoja na diski yenye nakala ya picha, akawasha. Kiondo kikashuka kwenye skrini kama maji ya mfereji, kizima, kitako chake cha duara kikiwa na nyota nyeupe katikati. Mama Ciakuthii alipiga kigelegele kilichowasimamisha watu barabarani.

"Nimeisuka mimi hiyo nyota!" alisema. "Mmeiona? Kadi ya Karurumo haina dhambi! Bwana Gikunda, umesikia? Ubao wenu ndio mwizi!"

"Mama, chunga mdomo," Gikunda alisema, akifungua kifungo cha kwanza cha kabuti. "Kaaga hatununui takataka. Fundi, jaribu ubao wetu. Weka kadi nyingine yoyote."

Kithaka alitafuta katika droo akatoa kadi nzee, yenye vumbi, inayoingia katika sloti ileile, tundu la kuchomekea kadi. Akaipiga mswaki, akaiweka kwenye mathabodi ya Kaaga. Kiondo kilishuka taratibu, tena taratibu sana, lakini kilishuka. Kikafika kitako. Nyota ikaonekana.

Gikunda alirudisha kifungo chake. "Asante. Ubao wa Kaaga nao hauna dhambi."

Kadi nzuri. Ubao mzuri. Umeme mzuri. Wale wawili waliokuwa wakitupiana maneno wakatazamana, na bila kuambiana wakageuka kwa pamoja kumtazama mwalimu.

"Basi vitu ni vizuri," Gikunda alisema polepole, "mikono ndiyo mibaya."

Mama Ciakuthii alitikisa kichwa, kidogo tu. "Labda hakuiba," alisema. "Lakini kuna kitu aliharibu katika kuunganisha. Watu wawili wazuri hawawezi kukataana bila mtu kuingia katikati."

"Mama," Vincent alisema.

"Fundi," Karambu aliuliza, "wewe ulipounganisha sasa hivi, uliunganisha tofauti na yeye?"

"Hapana," Kithaka alisema, akikuna kichwa na kalamu. "Hata mimi imenifia. Na mimi, Inspekta, zikishapita mikono yangu hazifi. Hii... hii haiwezekani."

"Imewezekana mbele yetu wote." Karambu alisogea kwa mwalimu. "Mwalimu, nionyeshe kidole tena. Sasa niambie ukweli, maana uongo wa sufuria umeshaisha. Uliungua wapi?"

"Ndani ya sanduku."

"Na chuma cha kulehemu?"

"Sikuwa nacho. Niliacha mashine ikiwa wazi, inafanya kazi. Picha ilipokwama nikapapasa, nijue ni nini kimepata moto. Kuna kidude kidogo cheusi karibu na ile sloti. Nilikigusa, kikanibandua ngozi."

"Fundi, rudisha kadi ya Mama kwenye ubao wa Bwana Gikunda. Acha sanduku wazi. Washa, lakini usifungue picha."

Kithaka alifanya hivyo. Maandishi meupe yakapita. Karambu akainama, akakitafuta kidude: cheusi, chenye miguu mitatu, si kikubwa kuliko kucha. "Kiguse."

Kithaka akakigusa. "Vuguvugu tu."

"Fungua picha."

Mkanda. Mdomo mwekundu. Mstari mweusi, wa kahawia...

"Kiguse tena."

Fundi alikigusa kwa kujiamini, kisha akaruka nyuma akapiga kichwa kwenye rafu. "Ngai!" Akatia kidole mdomoni. Na wakati huohuo, mbele ya macho ya wote, picha ikakwama.

"Toa kidole tukione," Karambu alisema.

Kithaka alikitoa. Ncha yake ilikuwa imeanza kuvimba, duara, kama punje ya njegere. Karambu aliushika mkono wake, akaushika na wa mwalimu, akaviweka vidole viwili sambamba chini ya taa.

"Sasa nimeelewa," Kithaka alisema kwa sauti ya mtu aliyeamka. "Huyu mdogo mweusi ndiye mlango wa umeme. Kila kinachokula kwenye sloti hii kinakula kupitia kwake. Kadi yangu nzee ni mzee asiye na meno, anaonja tu. Kadi ya Mama ni mpya, ina nguvu. Kwenye maandishi inakaa kimya, lakini ukiipa picha yenye rangi nyingi inadai chakula. Mlango ni mwembamba. Unapata moto, umeme unashuka, kadi inazimia. Kwenye mashine yangu mlango ni mpana, ndiyo sababu haikulalamika."

"Kwa hivyo hazipatani," Karambu alisema.

"Kila moja ni nzuri peke yake. Pamoja hazipatani."

"Na ubao mpya wa mwaka huu ungekuwa na mlango mpana?"

"Ndiyo. Huu ni katika zile za kwanza kabisa kuwa na sloti hii. Ilipotengenezwa, hakuna aliyejua kadi zitakuja kula namna hii." Kithaka aliinama akafuta vumbi kwenye pembe ya ubao. "Angalieni, umepigwa chapa. Tisini na saba."

Karambu aligeuka taratibu. Nje mwaka ulikuwa tisini na tisa.

"Bwana Gikunda, katika mkutano wa matawi yote, ulisimama na kusema nini kuhusu ubao huu?"

"Nilisema ni mzuri. Na ni mzuri. Mmeona."

"Hakusema hivyo!" Mama Ciakuthii alidakia. "Alisema ni wa mwaka huu, hakuna kama huo kutoka Meru mpaka Nairobi! Tukapiga makofi!"

"Bwana Gikunda," Karambu alisema, "muuzaji alikuuzia kama mpya?"

Gikunda alitazama kabuti lake, akafuta kitu ambacho hakikuwepo. "Hakunidanganya. Aliniambia ni wa zamani kidogo, lakini imara. Akaniuliza ni kadi gani itawekwa hapo. Akasema nisilipe kabla sijajua."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hilo halimhusu." Sauti yake ilipanda. "Inspekta, wewe umezaliwa Meru, unajua. Mimi nitoke Kaaga, na kamati nzima nyuma yangu, niende nimuulize mtu wa Karurumo: tafadhali, nyinyi mmenunua nini, ili na mimi nijue cha kununua? Ionekane wao ndio wametangulia?"

Mama Ciakuthii alicheka, kicheko kirefu cha kushinda, akipiga paja. "Mnamsikia? Mwanaume mzima! Ati ataonekana!"

"Mama," Karambu alisema.

"Naam."

"Na wewe muuzaji wako alikuuliza nini?"

Kicheko kilikatika katikati. Mama Ciakuthii alikaa kwenye sanduku tupu la skrini, akaanza kunyoosha pindo la leso.

"Aliuliza ubao ni wa aina gani," alisema mwishowe. "Nikamwambia alete kadi kubwa kuliko zote alizo nazo. Nikasema, acha Kaaga watafute ubao wa kuitosha."

Kithaka alianza kucheka, akakutana na macho ya Karambu, akaamua kuangalia kidole chake.

"Mwalimu," Karambu alisema, "wewe hukuwauliza hawa, kabla hawajanunua?"

"Niliwauliza, Madam. Wote wawili. Niliwaomba tukae pamoja. Bwana Gikunda akaniambia ngoja utaona. Mama naye akaniambia ngoja utaona." Vincent alikohoa. "Nikangoja."

"Na vilipoletwa?"

"Sloti ilikuwa inalingana na kadi. Iliingia vizuri. Sikujua habari ya mlango mpaka kidole kiliponiambia, na wakati huo nilikuwa nimeshaitwa mwizi."

Karambu alisimama, akavaa kofia yake. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amewahi kumtia ndani mtu asiye na hatia, na jambo hilo alikuwa analivaa kwa fahari kuliko nyota za mabegani.

"Faili hii naifunga," alisema. "Hakuna wizi. Mkubwa wangu alitaka mtu, nitampelekea kadi na ubao, achague. Lakini mimi sitoki hapa kabla sijasikia kitu. Mwalimu aliitwa mwizi mbele ya watu. Nataka mbele ya watu aitwe jina lake."

Watu waliovutiwa na kigelegele walikuwa bado wamejaa mlangoni. Gikunda aliwatazama. Halafu alivuta pumzi, akafunga vifungo vyote vya kabuti hadi cha shingoni, kama mtu anayeenda kusoma neno kanisani.

"Mwalimu Vincent Nyaga," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani, "wewe si mwizi. Kosa ni la katibu wa Kaaga. Na katibu wa Kaaga ni mimi."

"Na mwenyekiti wa Karurumo," alisema Mama Ciakuthii, akiinuka kwa shida. "Mimi nilikataa kuuliza, nikachafua jina la mtoto wa watu kwa karatasi na gundi. Mwalimu, nisamehe, baba."

"Imeisha, Mama," Vincent alisema.

"Haijaisha," Kithaka alisema akiwa ameinama mezani, pua yake karibu iguse ubao. "Mmeongea vizuri lakini kiondo bado hakina kitako. Njooni. Huyu aliyeutengeneza hakuwa mjinga. Mnaona hizi pini tatu na kofia ndogo ya plastiki? Kofia ikikaa hapa, sloti inakula kupitia kwa mdogo mweusi. Ikihamia hapa, inakula moja kwa moja kutoka kwa pawa saplai, kile kisanduku kinacholeta umeme wote. Hiyo ina chakula cha kutosha ukoo mzima."

"Ukiihamisha itafanya kazi?" Gikunda aliuliza.

"Mimi Kithaka nimesema." Akainua kibano kuihamisha.

"Si wewe," alisema Karambu. "Mpe mwalimu."

Vincent alichukua kibano. Alishika ile kofia ndogo, akaivuta, akaishusha kwenye pini za pili kwa kidole kilekile chenye lengelenge. Kithaka akarudisha umeme. Mama Ciakuthii alisogea karibu na skrini mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

Mkanda wa ngozi. Mdomo mwekundu. Mstari mweusi, wa kahawia, mweupe.

Gikunda alishika meza.

Mstari wa kijani. Mwekundu tena. Kisha kitako, duara lake lote, na nyota nyeupe ikakaa katikati yake kama imewekwa kwa mkono. Kithaka akakigusa kile kidude cheusi, kwa kidole kingine, na kukiacha hapo. Kilikuwa baridi.

Safari hii Mama hakupiga kigelegele. Alifungua kiondo chake, akatafuta chini kabisa, akatoa kichupa kidogo cha kyutex nyekundu. Akazungusha kifuniko chake, akainama juu ya mashine iliyo wazi.

"Mama, unafanya nini?" Gikunda alishtuka. "Huo ni ubao wa Kaaga!"

"Ulikuwa," alisema Mama Ciakuthii, na kwenye pembe ya mathabodi, mbali na chuma chochote, akatia matone mawili. "Sasa ni sufuria yetu. Ukienda Meru waambie uko na alama."

Gikunda, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akafungua kabuti lote na kulivua.

Mama hakurudisha kichupa. Aliushika mkono wa mwalimu, akaunyoosha kwenye mwanga, akaugeuza lengelenge likaelekea chini na kucha juu. Vincent alijaribu kuuvuta, watu mlangoni wakacheka, naye akauacha. Mama alipaka kucha ile moja kwa uangalifu, matone mawili, akapuliza yakauke.

"Haya," alisema. "Na huyu naye akipotea, tutageuza, tutamjua ni wetu."